Turubai Lililostaafu

Turubai la Bonifasi lilizika nusu ya Ujiji kabla halijastaafu. Kila mtu mtaani analijua: la kijani, lina kiraka cha buluu ubavuni, na kona yake moja iliungua kwenye msiba wa mzee fulani aliyekuwa na ndugu wengi na moto mkubwa. Likisimama uani kwa mtu, huulizi. Unarudi ndani, unajifunga kanga ya pili, unatoka na kuni.

Hilo ndilo turubai ambalo Mama Gasper alilinunua kwa bei ya kutupa kiangazi hiki, apate kivuli cha kukaa na wageni. Nitaeleza kwanza kwa nini, maana watu wakisimulia habari hii siku hizi wanaanzia kwenye vicheko. Mimi sipendi habari ianzie kwenye vicheko kabla watu hawajajua nani alitaka kumwondoa nani wapi.

Jina lake hasa ni Eufrasia. Mumewe, Mungu amrehemu, alibeba mizigo ya watu pale stesheni ya reli tangu ujana mpaka mgongo ulipogoma. Kila kiangazi, wenzake wakinywa pombe ya ndizi, yeye alikuwa anafyatua tofali. Ndivyo nyumba yao ya vyumba vitatu ilivyojengwa, ukuta mwaka huu, ukuta mwaka ujao. Hakukuwa na mkopo wala mfadhili, wala kibao cha kusema nani aliizindua. Leo bati zimeshika kutu na lipu imebanduka, basi mtu akipita na gari lake anasema: gofu. Damu yangu inachemka nikisikia neno hilo. Nyumba ya tajiri ikizeeka inaitwa ya kihistoria, inawekewa mlinzi. Ya mbeba mizigo ikizeeka inaitwa gofu.

Mwanawe wa pekee, Gasper, yuko Dodoma. Kasoma, anafanya kazi ofisini, ana nyumba ya geti na marumaru. Si mtoto mbaya, niseme ukweli. Dawa za mama yake za presha hazijawahi kukosekana. Lakini mwezi wa tano alipiga simu.

"Mama, Juni nina likizo. Nakuja kukuchukua, ukakae kwangu. Hapo pamechakaa, hapakufai tena. Kuna bwana mmoja wa hapo Mwanga yuko tayari kununua kiwanja."

Kiwanja! Nyumba hakuitaja.

"Ukija utalala wapi?" mama yake akamuuliza.

"Nitachukua chumba hotelini, Mama. Hapo nyumbani..." Hakumaliza.

Siku hiyohiyo Mama Gasper aliingia kwangu, mimi jirani yake, bila kubisha hodi. "Nikodemu," akasema, "mwanangu anaona haya kulala kwenye chumba alichozaliwa. Anakuja Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita kunihamisha. Atatupa jicho mara moja tu, na jicho hilo ndilo litaamua. Nataka akifika aone nyumba, asione kiwanja. Bati jipya siliwezi, marumaru siyawezi. Nifanyeje?"

"Tuitishe kikao cha ukoo," nikasema. "Hakuna mtu wa kukuondoa. Mwaka sabini na nne walipokuja kutuhamisha kule kijijini, mimi kijana mdogo, nilisimama nikawaambia..."

"Sikukuuliza habari za mwaka sabini na nne. Nimekuuliza una ngazi?"

Ngazi ninayo.

Tulianzia soko la Mwanga, kwa Mélanie muuza mitumba. Huyu wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, na mpaka leo akishangaa anashangaa kwa Kirundi.

"Shikamoo, mukecuru wangu," akamwamkia Mama Gasper, yaani bibi yangu kwa lugha ya kwao. "Leo tunatafuta blauzi?"

"Marahaba. Leo natafuta nyumba."

"Yoo! Belo la nyumba sijalifungua bado."

Lakini alipoelezwa mambo yalivyo aliingia chini ya meza yake, akaanza kutuvutia vitu ambavyo wateja wanavikataa. Kulikuwa na mashuka ya hoteli ya huko Ulaya, meupe yenye madoa ya chai. Kulikuwa na mapazia ya kila rangi, lakini hakuna mawili yaliyofanana. Kila moja lilikuwa limefiwa na mwenzake. Mama Gasper aliyashika mojamoja akiyageuza kwenye mwanga. Mimi, nikiona belo, hasira zangu za zamani zinaamka. Tulikuwa na viwanda vyetu vya nguo nchi hii. Nakumbuka miaka ya themanini tulivyopanga foleni tangu alfajiri kununua kitambaa, na karani akapitisha jora zima mlango wa nyuma. Viwanda vikafa, makarani wakajenga, na sasa tunapigania matandiko waliyolalia wenzetu mpaka wakachoka. Nani aliulizwa? Niliuliza kwa sauti, pale pale sokoni, na watu wawili watatu wakaanza kusogea wasikilize.

"Nikodemu," Mama Gasper akasema bila kugeuka, "mkutano ukiisha uje unibebee hili furushi."

"Sasa rangi hizi zote nyumba moja, si itaonekana kama kamba ya kuanikia?" nikamuuliza Mélanie, nikijaribu kuokoa heshima.

"Hapana, mzee wangu. Ukanunue rangi ya mikeka, ile ya unga, ya machungwa. Vyote viingie sufuria moja vichemke. Vikitoka vitakuwa ndugu."

Basi tukaokota na kuokota. Ziwa lilikuwa limefungwa lipumzike, samaki wazaliane, na wavuvi walikuwa wamekaa tu wanasuka nywele za watoto wao. Walitupa wavu wa dagaa uliochoka na mbao za mtumbwi uliovunjika. Mbao tukazifanya rafu za ukutani. Wavu tukautandaza sebuleni ukuta mzima, tukaning'iniza sahani za bati za zamani, zile za maua mekundu, ambazo zimetoboka haziwezi tena kushika mchuzi lakini maua yake hayajui. Madumu ya mawese tukayakata tukapanda maua. Lori la mchanga lilikuwa linarudi tupu kutoka Kidahwe, dereva akatuletea udongo mwekundu, ule ambao mabibi zetu walisilibia nyumba kabla hatujafundishwa kuona haya, na tukachanganya na chokaa. Viti tulivipata kimoja kimoja. Havikufanana hata kwa miguu. Mama Gasper akasema na watu hawafanani, ila wanakaa sebule moja.

Ikabaki kivuli. Kiangazi cha kwetu jua halina huruma, na mama alitaka Gasper akaribishwe uani, upepo wa ziwa ukimpiga, ndipo aingizwe ndani. Ndipo tukaenda kwa Bonifasi, anayekodisha maturubai na viti. Alikuwa amenunua turubai jipya, jeupe, lenye shela pembeni kama bibi harusi.

"Lile la kijani nakuachia," akamwambia Mama Gasper. "Ila nikuambie kabisa, limezoea vilio."

"Litapumzika kwangu. Mimi mtu wa kucheka."

Tukacheka sote watatu, tukalikunja, tukaondoka nalo. Mpaka leo sielewi ilikuwaje. Tulikuwa tumezama kwenye kazi mpaka turubai tukaliona ni kivuli tu. Si mimi, si Mélanie, si mama mwenyewe, hakuna aliyekumbuka linasema nini mtaani.

Ijumaa, siku moja kabla ya Gasper kufika, tulikuwa na kazi ya mwisho. Asubuhi nikasimamisha turubai. Vyombo vyote vya sebuleni tukavitoa nje, maana ukuta ulikuwa unasilibwa. Tukatandika mikeka uani tupate pa kukalia. Sufuria la kuchemshia mapazia tulilichukua kanisani, lile kubwa la shughuli. Mélanie akawa analikoroga kwa mti, moshi unampiga, macho yamemwiva mekundu na machozi yanamtiririka. Mama Gasper alikuwa amejifungia chumba cha Gasper akipaka rangi, mlango ameufunga vumbi lisiingie. Na mimi, baada ya kuchimbia nguzo, nilikaa kwenye mkeka nimeshika tama, maana umri nao una kodi yake.

Meshack wa bodaboda akapita. Akatazama turubai, akatazama sufuria, akamtazama Mélanie anayefuta machozi kwa upindo wa kanga, akanitazama mimi. Akapunguza mwendo, akavua kofia, akaondoka polepole bila kupiga honi. Nikasema moyoni: afadhali, vijana wameanza kuwa na adabu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Tabu, jirani wa nyumba ya tatu, na chupa mbili za chai na mfuko wa sukari. Aliziweka chini, akanishika mkono, hakusema neno, akaenda kukaa kwenye mkeka. Nikajua amekuja kusaidia, ila nikashangaa ukimya, kwa sababu Bi Tabu hanyamazi hata usingizini. Nyuma yake wakaja kina mama na unga, na kuni vichwani. Wakaja wavuvi na majembe mabegani. Nikamwambia Mélanie, "Umeona watu wanavyompenda mama huyu? Kazi itaisha mchana." Mélanie alikuwa ndani ya moshi, akaitikia tu, "Ego, ego."

Halafu kwaya ikakata kona. Mbele yupo Diana, kiongozi wao, na sare zile nyeusi na nyeupe, na wimbo ninaoujua vizuri sana, kwa sababu tulimzikia nao baba Gasper.

Nikatazama juu. Kiraka cha buluu kikanitazama.

"Mélanie," nikanong'ona, "tumeua mtu."

Kabla sijasimama, mlango ukafunguliwa. Mama Gasper akatoka, brashi mkononi, usoni amechirizika rangi ya samawati mpaka kwenye nyusi, kichwani mfuko wa nailoni. Akaona uwanja umejaa watu wanaolia. Akadondosha brashi, akashika kichwa.

"Uwii! Nani? Nani jamani ametutoka?" Na yeye akaanza kulia, analia kweli, na machozi yakikata njia kwenye ile rangi.

Kwaya ilikatika katikati ya ubeti. Mvuvi mmoja aliruka ua na jembe lake. Bi Tabu ndiye aliyemjibu, mkono juu ya kifua.

"Wewe, Mama Gasper! Umekufa wewe!"

"Mimi?"

"Meshack katutumia kwenye kundi la mtaa la simu! Kaweka na mshumaa!"

Mama Gasper akajitazama mikono, mbele na nyuma, kama mtu anayehakiki mali. Akatazama turubai. Akaanza kucheka, kidogo kidogo kwanza, halafu kicheko kikampeleka chini kwenye mkeka, na Bi Tabu akamwangukia juu anampiga makofi ya mgongoni, anacheka na kulia, "Umenitia hasara ya sukari, mwanamke mbaya wewe!" Uwanja mzima ukalipuka. Diana alicheka mpaka akavua viatu.

Kisha watu wakaanza kuokota vitu vyao kwa aibu. Mama Gasper akasimama.

"Hakuna anayetoka hapa! Na unga urudi chini. Cha msibani hakirudishwi nyumbani, mnajua wenyewe. Mnataka kuniletea mkosi? Mmekuja kunizika, sasa mtanipamba. Ninyi wa majembe, makaburi hayapo, lakini mbele ya nyumba nataka matuta ya maua. Diana, wimbo huo mwimbie mwingine. Nipe wa harusi."

Nimehudhuria mikutano mingi maishani mwangu, na nimeitisha mingine mimi mwenyewe, ikaja watu wachache na mbuzi. Sijawahi kuona umma ukinyanyuka vile. Wavuvi walichimba matuta, wakapanga mawe ya ziwani pembeni. Kina mama walisiliba ukuta kwa viganja, kila mmoja kwa mchoro wake wa kwao. Mapazia yalitoka kwenye sufuria yana rangi ya papai lililoiva, yote, yakaanikwa kwenye nguzo za turubai, na jua la kiangazi likayakausha kabla chai haijapoa. Ambao hawakuwa na kazi walisimama kuwatukana wenye kazi. "Unasiliba au unapapasa?" "Nenda kasilibe kwako, panavuja mpaka majirani wanaoga!"

Tulikuwa hivyo gari lilipofunga breki barabarani.

Gasper alikuwa ametua mjini asubuhi ile, amekaa hotelini kwake ziwani, na ujumbe wa Meshack ulikuwa umepita simu kumi mpaka ukamfikia. Alishuka bila kufunga mlango, kiatu kimoja kimefunguka kamba, akaona turubai. Akaanguka chini pale pale getini, kama kweli tungekuwa na geti. "Mama! Mama yangu nilikuja kukuchukua kesho! Kesho tu, Mama!"

Mama Gasper alikuwa juu ya ngazi yangu, anaingiza pazia kwenye waya.

"Gasper," akasema, "inuka hapo chini, unachafua suruali. Na ukiinuka nishikie hii ngazi, Nikodemu anaitingisha."

Jinsi mtu mzima wa Dodoma alivyolia, sitaandika. Alimshusha mama yake kwenye ngazi kama anavyoshushwa mtoto, akamkumbatia, na shati lake jeupe likapata samawati na machungwa kwa pamoja. Watu waligeuka wakajifanya wanatazama ziwa. Alipopata pumzi, mama akamsimulia. Gasper akacheka kidogo, kisha akakasirika, kama ilivyo kawaida.

"Lakini unaona, Mama? Hiki ndicho nisichotaka. Uko peke yako. Siku moja itakuwa kweli, na mimi niko mbali."

"Peke yangu?" Mama akatazama uwanja, huku na huku, kama anayemtafuta huyo mtu aliye peke yake. "Haya. Niko kwako Dodoma, nimekufa. Nani anasimamisha turubai?"

"Mama, mambo gani hayo?"

"Nijibu. Uko kazini, mkeo kazini, geti limefungwa. Nani analeta kuni?"

Gasper alifikiri. Ni mtoto mkweli, tangu zamani. "Kuna kampuni, Mama," akasema. "Unapiga simu, wanakuja na kila kitu."

Halafu Bi Tabu akauliza kwa upole sana, "Na kulia, baba? Kampuni inalia?"

Hata Gasper mwenyewe hakuweza kujizuia. Kicheko kilianzia puani, akaficha uso, mabega yakamcheza. Niliona nafasi ya kusema machache kuhusu umoja wa wanyonge, nikafungua mdomo, na Mélanie akanitilia kipande cha muhogo.

Simu ya Gasper ikalia. Akaitazama, uso ukabadilika.

"Ni yule bwana wa kiwanja."

"Weka sauti tusikie," mama yake akasema.

Sauti ikatoka, nene na ya upole. "Kaka, pole sana, nimepata habari za msiba wa mama. Kazi ya Mungu. Sasa nilikuwa nafikiri, kwa kuwa mambo yamekuwa hivyo, si tunaweza kumaliza Jumatatu? Maana naona hakuna tena mtu wa kuhamishwa."

Nimeishi miaka mingi na nina kumbukumbu ya kila mtu aliyewahi kuvizia ardhi ya maskini, na wengi wao walikuwa na sauti hiyohiyo. Nilisimama. Wavuvi walisimama na majembe. Lakini Gasper aliinua mkono, na taya lake likawa limekaa kama la baba yake siku ya mzigo mkubwa.

"Asante kwa pole," akasema. "Msiba upo, lakini marehemu amekataa. Yuko hapa ananiangalia."

"Eh? Aa... Mungu mkubwa. Basi kaka, tutaongea, yaani baadaye, akisha..."

"Akisha nini?"

Bwana akakohoa kwenye simu.

"Nyumba haiuzwi," Gasper akasema. "Wala kiwanja. Na ukipita barabara hii usipunguze mwendo." Akakata.

Vigelegele vya siku ile, nadhani walivisikia mpaka ng'ambo. Diana akaanzisha wimbo, na kina mama wakatangaza kwamba walikuwa wamejiandaa kulala matanga, wameaga waume zao, hawawezi kupoteza ruhusa kama hiyo. Watalala na watacheza. Gasper alimpigia dereva akamletee begi lake kutoka hotelini. Alipouliza atalala wapi, mama akamwambia rangi ya chumbani kwake haijakauka, atalala sebuleni na waombolezaji, akikoroma watamwimbia.

Ukabaki ukuta wa mbele tu. Gasper alikunja suruali, akashika brashi, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa upande kama wanavyofanya waliosoma.

"Hapa ningeweka nyeupe," akasema.

"Nyeupe!" uwanja ukapiga kelele kwa pamoja.

"Nyeupe inapendeza, Mama. Inaleta mwanga."

"Na vumbi la kiangazi umelisahau? Baada ya wiki itakuwa kahawia. Nyekundu ya Kidahwe."

"Mama, nyumba nzima itakuwa nyekundu kama tanuri!"

"Tanuri ndilo lililoivisha tofali za baba yako!"

Tukaanza kuchangia, kila mtu na rangi yake, mpaka Mama Gasper akapiga sufuria kwa mwiko. "Nyamazeni wote! Wenye nyumba ni mimi na huyu. Tuacheni tugombane wenyewe."

Wakagombana. Gasper alileta hoja za mwanga, mama alileta hoja za vumbi, mwana akapaka kipande cheupe, mama akakipita juu kwa nyekundu, akarudia, akarudiwa. Sisi tulikaa kwenye mikeka na ugali wa rambirambi, tukawashangilia kwa zamu kama mpira, hadi jua likagusa milima ya Kongo na ukuta bado haujajua utakuwa wa rangi gani.